Namna ya kuandika historia ya korona ya familia iliyotawanyika nchi tatu

Dada yangu aliniapia kwamba Baba alifariki mwezi wa sita. Alikuwa naye chumbani, alimfumba macho kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo ningembishia vipi? Nikaandika "Juni 2021" kwenye daftari. Wiki mbili baadaye nilikuwa natafuta kitu kingine kwenye simu nikakuta picha ya mtungi wa oksijeni aliyonitumia, akiuliza kama geji inaonyesha umekwisha. Jina la faili lilibeba tarehe: 20210722. Baba alifariki alfajiri ya kesho yake. Ilikuwa Ijumaa, 23 Julai 2021, siku tano kabla Tanzania haijazindua chanjo.

Dada hakudanganya. Usiku wa kuuguza hauna kalenda. Lakini zile siku tano zilibadilisha hadithi yote tuliyokuwa tumejisimulia, na tangu hapo sijaandika kumbukumbu hata moja ya korona bila kuitafutia tarehe yake kwanza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kenya, nilikoolewa. Dada alibaki Tanzania na wazazi. Mdogo wetu wa kiume anahudumia wazee kwenye makao yao nchini Uingereza. Tulipita ugonjwa mmoja chini ya serikali tatu, na tulipokutana tena tulikuwa tunabishana kama watu waliopita magonjwa matatu. Haya ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyofanya ili yale mabishano yawe kitu ambacho watoto wetu wanaweza kukisoma. Kama ndugu zako nao walikuwa huku na huko, utaweza kuyafuata kwa nchi zako mwenyewe.

Tandaza karatasi ya tarehe

Kabla hujamhoji mtu yeyote, chukua karatasi kubwa, hata zile za chati za darasani, uigawe safu kwa kila nchi aliyokuwepo mtu wenu. Ubavuni kushoto weka tarehe za dunia nzima, kwa sababu hizo hazibishaniwi: 30 Januari 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza hali ya dharura, 11 Machi 2020, lilipoiita janga la dunia, 5 Mei 2023, lilipotangaza kwamba dharura imekwisha. Kisha jaza kila safu kwa mambo yaliyogusa miguu na mikono ya watu: shule zilifungwa lini na kufunguliwa lini, kafyu ilianza saa ngapi, mipaka ilifungwa lini, chanjo ya kwanza ilichomwa lini.

Safu zetu zilianza kufanana kisha zikaachana haraka. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza 13 Machi 2020, Tanzania 16 Machi. Nchi zote mbili zilifunga shule ndani ya wiki hiyo. Baada ya hapo Kenya ikaweka kafyu kuanzia 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na mwezi wa nne ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi. Tanzania haikufungia watu ndani. Masoko yaliendelea, nyumba za ibada ziliendelea, na serikali ilihimiza maombi na kujifukiza. Uingereza iliwaambia watu wabaki majumbani jioni ya 23 Machi.

Sasa tazama safu ya shule, maana hapo ndipo mimi nilipoelewa ugomvi wangu na dada. Watoto wake walirudi darasani 29 Juni 2020. Wanafunzi wangu wa darasa la nne na la nane walirudi 12 Oktoba, na waliobaki 4 Januari 2021. Yeye husema "ile miezi mitatu ya korona". Mimi husema "ule mwaka". Kila mmoja alikuwa anamwona mwenzake anatia chumvi, kumbe kila mmoja alikuwa anasema kweli ya nchi yake. Na mwalimu wa Uganda angetushangaa sote wawili, kwa kuwa kwao shule zilifunguliwa kikamilifu 10 Januari 2022.

Karatasi hii ikishajaa, isome kwa ulalo, tarehe moja kupita nchi zote. Usiiruke hatua hii. Mimi nilipofika 29 Aprili 2020 niliweka kalamu chini. Siku hiyo Tanzania bara ilitoa takwimu zake za mwisho kwa zaidi ya mwaka mmoja: wagonjwa 480, vifo 16. Zanzibar ikaongeza wachache siku zilizofuata, na dunia ikabaki na 509 na 21. Siku hiyo hiyo Uingereza, ambayo kila jioni ilikuwa ikitangaza waliofia hospitalini tu, ilianza kuwahesabu waliopimwa na kufia kwenye makao ya wazee na majumbani, na jumla yake ikapanda kwa vifo zaidi ya 3,800 kwa mkupuo. Mdogo wangu alikuwa kazini siku hiyo. Wazee aliokuwa ameshawaaga wiki zilizotangulia walianza kuhesabika siku ile ile ambayo kwa dada yangu hesabu ilisimama.

Iulize simu kabla ya kumuuliza mtu

Simu inakumbuka tusiyoyakumbuka, ila lazima ujue inavyokumbuka. Picha uliyopiga mwenyewe hubeba tarehe na saa ndani yake. Picha uliyotumiwa kwa WhatsApp hubeba siku ilipokufikia, ambayo si lazima iwe siku ilipopigwa, kwa hiyo usiiamini peke yake kama ilisambazwa kutoka kundi hadi kundi. Ujumbe wa sauti ni hazina zaidi ya picha: usiufute hata kama una sekunde nne. Meseji za kutuma pesa nazo zisome, zina tarehe, saa na kiasi. Mimi nilijua siku tuliyokodi mtungi wa kwanza kwa sababu ya meseji ya pesa niliyotuma saa tano na dakika nne usiku.

Toa nakala ya mazungumzo yote ya familia ya kuanzia Machi 2020, uyahifadhi kwenye kompyuta au ujitumie kwa barua pepe, kabla simu haijaanguka majini. Kisha tafuta ndani yake maneno. Hapa kila nchi ina maneno yake, na ukitafuta "korona" peke yake utakosa nusu. Kwa dada nilitafuta "changamoto ya upumuaji", kwani ndivyo watu walivyokuwa wakisema Tanzania katika miezi ambayo jina lenyewe halikutajwa sana. Nikatafuta pia "nimonia", "nyungu" na "mtungi". Kwangu nilitafuta "kafyu", "karantini", "barakoa". Kwa mdogo wetu ilikuwa "zamu" na "aproni", kwa sababu wiki nzima alikuwa akilalamika kwamba hakuna za kutosha.

Kumhoji ndugu

Mhoji mtu mmoja kwa wakati mmoja, mahali anapoweza kulia bila kutazamwa, na usizidishe saa moja. Omba ruhusa ya kurekodi, na umwambie mapema kwamba atasoma kila kitu kabla mtu mwingine hajakisoma. Karatasi ya tarehe iwe mbele yenu mezani.

Usimuulize "ulijisikiaje?" Nilimuuliza mdogo wangu hivyo, akanijibu, "Ilikuwa ngumu, dada," akanyamaza. Jibu hilo hata mgeni angenipa. Mara ya pili nilimuuliza mkono wake ulikuwa umeshika nini.

"Tableti," akasema. "Watoto wa wazee walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeishika mbele ya uso wa mzee ili wamuage. Mara nyingine dakika arobaini. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa kuchoka, nikawa naona haya kuushusha, kwa sababu nikiushusha wao wanaona dari."

Baada ya hapo alizungumza karibu saa nzima, sikumuuliza tena kitu.

Kwa hiyo uliza vitu: ulikuwa umesimama wapi, nani alikuwa na funguo, mlango ulifunguliwa na nani, ulisikia sauti gani, ulikula saa ngapi. Hisia zitakuja zenyewe zikiwa zimeshikana na kitu, nawe utakuwa na la kuandika. Mtu akinyamaza, muache anyamaze. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kujaza kimya. Nilijilazimisha kuhesabu hadi ishirini kimoyomoyo kila dada aliponyamaza.

Katika kimya kimoja cha namna hiyo aliniambia kuhusu kidole. Kipima oksijeni kile kidogo cha kubana kidoleni hakisomi vizuri kidole kikiwa baridi, na vidole vya Baba vilikuwa vimepoa. "Nilikuwa nampulizia kidole kwanza, mdogo wangu. Nakiweka mdomoni kabisa, nakipasha joto, halafu ndiyo nakibana. Inaandika 84. Nakitoa, nakipulizia tena, nikidhani labda ni baridi tu." Alifanya hivyo usiku kucha. Miaka yote hiyo sikuwa nalijua jambo hili, na nilikuwa nikiongea naye kila Jumapili.

Akikosea tarehe, usimkatize. Andika alivyosema, kisha pembeni andika ushahidi unasemaje. Dada alisema Juni, picha inasema Julai. Vyote viwili vimo kwenye daftari letu.

Kifo ambacho hakikupimwa

Hili liandike kwa uangalifu kuliko yote. Cheti cha kifo cha Baba kinasema nimonia. Hakuna aliyempima. Kwa muda mrefu mdogo wetu aliandika kila mahali kwamba Baba aliuawa na korona, na dada akawa anachukia, akiona kama anaambiwa hakumtunza.

Tulikubaliana tutumie maneno matatu tu kwa kila mgonjwa wa familia: *alipimwa*, *alishukiwa*, *haijulikani*. Chini ya neno hilo unaweka ulichonacho: dalili zilianza siku gani, alipoteza harufu au la, nani mwingine nyumbani aliugua wiki ile, hali ya nchi ilikuwaje. Kwa Baba tuliandika: alishukiwa, homa na kikohozi kuanzia 13 Julai, wajukuu wawili waliugua kabla yake na kupona, hakupimwa. Tukaongeza kwamba mwishoni mwa Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameshasema hadharani kwamba wimbi la tatu limefika na wagonjwa wapo, wengine wakipumulia oksijeni.

Usione aibu kuandika "hakupimwa". Familia nyingi mno zimo kwenye neno hilo. Mjini Lusaka, Zambia, watafiti waliwapima marehemu waliofikishwa mochwari mwaka 2020, wakakuta virusi kwa zaidi ya 15 kati ya kila 100, na wengi wao hawakuwahi kupimwa wakiwa hai. Hawakuwa kwenye takwimu za siku yoyote.

Kabla hujalinganisha nchi na nchi

Kila familia iliyotawanyika huwa na mtu anayesema "kwetu haikuwa mbaya" na mwingine anayesema "kwenu mlificha". Ukitaka daftari lako liwe la haki, jiulize mambo manne kabla ya kuweka namba mbili kando kwa kando.

La kwanza ni walihesabu nani. Ubelgiji iliwahesabu tangu mapema hata waliofia makao ya wazee kwa kushukiwa tu, bila kipimo, ikaonekana miongoni mwa nchi zilizoumia kuliko zote. Uingereza Agosti 2020 iliamua kuhesabu tu waliofariki ndani ya siku 28 baada ya kipimo kuonyesha wana virusi, na zaidi ya vifo 5,000 vikaondoka kwenye jumla kwa siku moja. Hakuna aliyefufuka. Peru ilipitia upya vyeti vyake, na 31 Mei 2021 jumla yake ikaruka kutoka vifo kama 69,000 hadi zaidi ya 180,000.

La pili ni ukubwa wa nchi. Gawanya kila mara. Marekani ilipita vifo milioni moja Mei 2022, na kwa watu takriban milioni 330 hiyo ni kama vifo 300 kwa kila watu 100,000. Peru ina watu takriban milioni 33. Wale 180,000 ni karibu 550 kwa kila 100,000, tena hapo ni katikati ya 2021 tu. Jumla ya Marekani ndiyo iliyojaza vichwa vya habari, lakini mtaani Peru ndiko uwezekano wa kumjua marehemu ulikuwa mkubwa zaidi.

La tatu ni umri. Ugonjwa huu uliwaua wazee kwa wingi kuliko vijana. Nusu ya Waitaliano wameshavuka miaka 45. Nusu ya watu wa Afrika hawajafika hata 20. Hilo peke yake linaeleza sehemu kubwa ya tofauti, kabla hujamsifu au kumlaumu kiongozi yeyote.

La nne, ambalo mimi naliona zito kuliko yote, ni nani aliweza kukaa ndani. Amri ile ile ya "bakini nyumbani" haikuwa amri moja. India ilitangaza kufunga nchi usiku wa 24 Machi 2020 kwa notisi ya saa nne tu, na vibarua waliokuwa mijini wakatembea mamia ya kilomita kurudi makwao, watoto mabegani. Uswidi iliacha shule za watoto wadogo wazi muda wote. New Zealand ilifunga mipaka na kuwafungia watu ndani mapema kiasi kwamba mwaka 2020 walikufa watu wachache kuliko inavyotarajiwa mwaka wa kawaida. Ila ni visiwa, na waliofungiwa walilipwa ruzuku ya mishahara. Kwa hiyo kwenye safu ya kila nchi ongeza mstari: *aliyekaa ndani alikula kwa pesa ya nani?*

Namba inayolinganishika vizuri zaidi inaitwa vifo vya ziada. Unachukua idadi ya watu waliokufa kwa sababu yoyote ile, unatoa idadi ambayo ingetarajiwa kwa kuangalia miaka iliyotangulia, kinachobaki ndicho pigo. Kwa njia hiyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria, Mei 2022, kwamba mwaka 2020 na 2021 vifo vya ziada vilikuwa takriban milioni 14.9 duniani, wakati vilivyokuwa vimeripotiwa kuwa vya korona ni milioni 5.4. Nchi ambayo haiandikishi vifo vyake vyote inabaki kukadiriwa tu, na hapo ndipo daftari la familia linapobeba kitu ambacho takwimu haikubeba.

Safu ya chanjo

Tuliitengenezea ukurasa wake. Mdogo wetu alichanjwa Januari 2021, kwa kuwa Uingereza ilianza 8 Desemba 2020 na wahudumu wa wazee walikuwa mstari wa mbele. Kenya ilianza Machi 2021, walimu tukiwa kwenye kundi la kwanza. Kadi yangu inaonyesha 30 Machi. Tanzania ilizindua 28 Julai 2021, kwa dozi zaidi ya milioni moja zilizofika kupitia Covax, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo. Andika tarehe hizo tu kwa kila mtu, na mahali pa Baba acha pawe patupu. Mimi nilitaka kuandika maelezo chini yake. Dada akasema pasiandikwe kitu.

Kumrudishia msemaji maneno yake

Chapisha kwenye karatasi, nakala moja kwa kila nyumba, na sauti ziwekwe sehemu mbili tofauti. Lakini kabla ya kugawa, kaa na kila mtu asome yake, kalamu iwe mkononi mwake. Ana haki ya kufuta. Mdogo wetu alifuta jina la mzee mmoja na namba ya chumba. Mimi nilifuta sentensi niliyomwandikia mume wangu kwa hasira wiki ambayo majibu ya kipimo changu cha kuvukia mpaka yalitoka Jumapili, wakati Baba alishazikwa Jumamosi.

Dada alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye "Juni", na maandishi yangu ya pembeni yanayosema 23 Julai, alisimama. Nilidhani atataka niiondoe ile Juni. Alichukua kalamu, akaandika chini yake kwa mwandiko wake: "Mtungi wa pili ulikuwa bado umejaa nusu. Nilimpa jirani, mumewe naye alikuwa hapumui vizuri. Alipona."